Si kila homa ya mhunzi ni malaria

Na Daktari Wetu

JE, msomaji, umewahi kusikia homa inayomshika mtu Jumatatu jioni, ikamtetemesha usiku kucha, kisha ikamwachilia kufikia Jumatano hata kama hakumeza tembe yoyote? Ukimwuliza mkazi wa Busia atakujibu bila kusita kwamba hiyo ni malaria. Mara nyingi atakuwa amesema kweli. Kaunti ya Busia imo katika ukanda wa Ziwa Viktoria ambako malaria haina likizo, na ndiyo sababu ilikuwa miongoni mwa kaunti za magharibi zilizochaguliwa mwaka wa 2019 chanjo ya malaria ya watoto ilipoanza kutolewa nchini.

Hata hivyo, kuna watu ambao homa ya namna hiyo huwapata kutokana na kazi yao, wala si kwa kuumwa na mbu. Hawa ni wahunzi na mafundi wa juakali wanaofua vyuma vikuukuu. Homa yao ina jina lake katika vitabu vya udaktari, imejulikana kwa karibu miaka mia mbili, na dawa ya malaria haiigusi kwa sababu hakuna vijidudu vya kuua. Makala haya yanahusu homa hiyo, pamoja na hatari nyingine zinazomkabili mhunzi anapotia motoni chuma asichojua kilikotoka, au anapofufua zana za zamani zilizotupwa.

Usiseme, "Mimi ni karani wa ofisini, uhunzi unanihusu nini?" Panga lililo nyuma ya mlango wako, jembe ulilompelekea mama mashambani na geti unalolifungua kila asubuhi huenda vyote vilipita mikononi mwa fundi kama huyu. Na huenda fundi mwenyewe ni ndugu yako.

Malori na springi

Eneobunge la Matayos, ambalo ndani yake umo mji wa Busia, liko kwenye mojawapo ya njia kuu mbili za kuingia Uganda kutoka Kenya. Nyingine hupitia Malaba, upande wa kaskazini. Malori hupita hapa usiku na mchana, na panapopita malori hapakosi springi zilizokatika, rimu zilizopasuka, mapipa na mabomba. Kile ambacho dereva hukiona kuwa taka, mhunzi hukiona kuwa mali. Springi ya lori ni chuma kigumu chenye kaboni ya kutosha. Ikipashwa moto, ikapigwa na kuzimishwa kwa ustadi, hutoa panga au shoka lenye kushika makali sana.

Uhunzi si kazi ngeni katika sehemu hizi. Kusini mwa Matayos iko milima ya Samia, ambako wazee walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, kisha wakafua majembe yaliyotafutwa na majirani wa karibu na wa mbali. Wakati wa ukoloni, majembe na vyuma kutoka ng'ambo vilipofurika madukani, kazi ya kuyeyusha mawe ilififia na wahunzi wakageukia vyuma vikuukuu.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa afya. Mhunzi wa zamani alikijua chuma chake tangu kikiwa jiwe. Moshi wa makaa ulimsumbua na cheche zilimchoma, lakini chuma chenyewe hakikuwa kimepakwa kitu. Mhunzi wa leo hununua chuma kilichokwisha kuishi maisha mengine. Pengine kimepakwa zinki kisishike kutu, au kimepigwa rangi, au kimetiwa kromi king'ae, au kilibeba dawa ya kuua wadudu. Akikitia motoni, maisha hayo ya kwanza hutoka yakiwa moshi, naye huuvuta.

Homa ya mvuke wa zinki

Mkosaji mkubwa ni zinki. Haya ndiyo madini yanayopakwa juu ya mabati ya paa, mabomba ya maji, ndoo, seng'enge na misumari ya paa. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 za selsiasi na hugeuka mvuke ifikapo nyuzi 907. Chuma chenyewe hakiyeyuki mpaka kifike nyuzi 1,538. Sasa fikiria kazi ya mhunzi. Ili bomba likunjike au lipigwe vizuri, huliacha motoni mpaka liwe na rangi ya chungwa, yaani limepita nyuzi 900. Kabla chuma hakijawa tayari kwa nyundo, zinki imekwisha kuchemka na kupaa hewani.

Mwenye macho ataiona. Ulimi wa moto hugeuka kijani kibichi kilichofifia, moshi mweupe mzito hutanda, na nyuzinyuzi nyeupe kama pamba huelea na kutua nguoni na kwenye nywele. Hizo ni chembe za zinki iliyoungua. Zile zisizoonekana kwa macho ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa ni ndogo mno na hupenya mpaka mwisho wa mapafu. Huko, mwili huzipokea kana kwamba umevamiwa na viini vya ugonjwa, na huwasha homa ya kupigana navyo.

Jambo linalowapoteza watu ni kwamba dalili haziji papo hapo. Huanza saa 4 hadi 12 baadaye, fundi akiwa amekwisha kufika nyumbani na kula chakula cha jioni. Kwanza koo hukauka, mdomo huwa na ladha ya chuma, kiu huzidi na kikohozi huanza. Baadaye kichwa huuma, maungo hulegea, baridi huingia, mwili hutetemeka na joto hupanda. Usiku wa manane jasho humlowesha hata shuka ikakamulika. Kwa kawaida mambo hayo yote huisha katika muda wa saa 24 hadi 48.

Ugonjwa huu haukuanzia Busia. Mwaka wa 1831, Charles Turner Thackrah, daktari wa mji wa Leeds nchini Uingereza, aliandika kuhusu homa iliyowashika wayeyushaji wa shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Baadaye madaktari waliiita pia homa ya Jumatatu. Sababu ni kwamba mtu anayevuta mvuke huo siku baada ya siku mwili wake huuzoea kidogo. Akipumzika Jumamosi na Jumapili mazoea hayo hupotea, na akirudi kazini Jumatatu hupigwa upya. Mazoea hayo ya katikati ya wiki yasikudanganye ukadhani mapafu yako yamekuwa sugu.

Njia panda kwenye duka la dawa

Soma tena dalili nilizozitaja: baridi, kutetemeka, kuumwa na kichwa, jasho. Ni nani aliyezaliwa Matayos, Nambale au Funyula ambaye hatasema ni malaria? Fundi huenda moja kwa moja dukani akanunua dawa. Siku ya pili homa huondoka, kwa kuwa ingeondoka hata bila dawa, naye huamini dawa ndiyo iliyomponya. Baada ya wiki mbili hupata bomba jingine la kufua, na mzunguko huanza upya.

Fundi mmoja aliyekuja kwangu alikuwa amenunua dawa ya malaria mara nne katika miezi mitatu. Damu yake ilikuwa imepimwa mara mbili tu, na mara zote mbili haikuonyesha kijidudu hata kimoja. Nilimwuliza swali moja: kila mara homa ilipoanza, mchana wake ulikuwa unafanya nini? Alifikiri kidogo, akasema alikuwa akitengeneza mageti kwa mabomba ya maji yaliyotumika. Aliniambia pia kwamba siku alizofua springi peke yake hakuwahi kuugua. Maelezo hayo yalikuwa na thamani kuliko kipimo chochote nilichokuwa nacho kwenye maabara.

Kosa hili lina hasara tatu. Kwanza ni pesa za fundi, ambaye kipato chake ni cha siku kwa siku. Pili, dawa za malaria zinazomezwa ovyo huwapa vijidudu nafasi ya kuzizoea, na jamii nzima huumia. Hasara ya tatu ndiyo kubwa: chanzo cha ugonjwa hubaki pale pale kando ya tanuri.

Lakini tafadhali, usinielewe vibaya. Sisemi kwamba mhunzi akipata homa apuuze malaria na kulala. Malaria huua, na katika Busia mhunzi huumwa na mbu kama watu wengine. Pima damu kila mara homa inapokushika. Kipimo kikionyesha vijidudu, tumia dawa mpaka umalize. Kisipoonyesha, usilazimishe dawa, bali tafuta sababu nyingine, na moshi wa jana uwe wa kwanza kukumbukwa.

Kumbuka pia kwamba mvuke wa vyuma hufungua mlango kwa nimonia. Ndiyo sababu nchini Uingereza watu wanaochomelea vyuma hushauriwa wapewe chanjo ya nimonia. Mwaka wa 2005 huko Marekani, mhunzi mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye mapafu yake yalikuwa na maradhi tangu hapo, alichoma zinki ya mabomba ndani ya tanuri lake. Alipatwa na nimonia akafariki. Mwenye pumu, aliyewahi kuugua kifua kikuu na mvutaji sigara wana sababu zaidi ya kuogopa moshi mweupe.

Maziwa hayaoshi mapafu

Karibu kila karakana utakayoingia, kuanzia Kamukunji jijini Nairobi mpaka Kibuye mjini Kisumu, utaambiwa kwamba dawa ya moshi ni pakiti ya maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, na ukiyapata kunywa. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi uko mapafuni. Hayo ni mabomba mawili tofauti. Kinachoumiza zaidi katika imani hii ni kwamba mtu akishakunywa maziwa huona amejikinga, na hurudi kwenye moshi bila hofu.

Leso iliyofungwa puani nayo haisaidii, kwani chembe za mvuke hupita katikati ya nyuzi za kitambaa kama mbuzi apitavyo langoni. Barakoa inayofaa ni ile yenye kichujio cha moshi wa vyuma na inayobana uso pande zote. Lakini hata hiyo iwe kinga ya mwisho. Kinga ya kwanza ni kutoitia zinki motoni.

Utaijuaje? Chuma kilichopakwa zinki huwa na rangi ya kijivu inayong'aa, mara nyingi yenye mabaka kama maua, na hakina kutu ya kahawia. Kikwangue kwa tupa: ukiona ngozi ya juu ni laini na ya rangi tofauti na chuma cha ndani, kiweke kando. Bati lina kazi zake zisizohitaji moto. Hukatwa, hukunjwa na kupigwa likiwa baridi, likatoa ndoo, sanduku au karai. Ikiwa ni lazima bomba lifuliwe, lilowekwe kwanza ndani ya siki, nje mahali penye hewa na mbali na moto, mpaka povu likome, kisha lisuguliwe na kuoshwa kwa maji mengi. Usitumie maji ya betri. Hayo huunguza ngozi na macho, na yamechanganyika na madini ya risasi.

Moshi wenye madhara makubwa zaidi

Zinki huugulisha, lakini wako ndugu zake walio wakali zaidi. Kadimiamu hupakwa kwenye baadhi ya bolti na sehemu za mashine za zamani, nyingine zikiwa na rangi inayokaribia dhahabu. Mvuke wake huanza kama homa ya zinki, na hapo ndipo mtego ulipo. Mgonjwa wa zinki siku ya pili hupata nafuu. Mgonjwa wa kadimiamu siku ya pili hubanwa na kifua, hukosa pumzi na mapafu yake hujaa maji. Huweza kufa. Kwa hiyo shika kanuni hii: homa ya baada ya kazi ikifuatwa na kukosa pumzi au maumivu ya kifua, usingoje asubuhi. Nenda hospitali.

Spana na bampa za zamani zinazong'aa zimetiwa kromi. Spana nzee huwavutia wahunzi kwa kuwa chuma chake ni kizuri, lakini kromi inapoungua huweza kutoa moshi unaohusishwa na saratani ya mapafu. Rangi za zamani nazo, hasa za mashine na magari ya miaka ya nyuma, nyingi zilichanganywa na madini ya risasi.

Kuhusu risasi sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilileta sumu hiyo kwenye damu za wakazi, watoto wakiwemo. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014 baada ya kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido, ambaye mwaka wa 2015 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ilikubaliana na uamuzi huo Desemba 2024. Risasi hudumaza akili ya mtoto bila kelele wala homa. Kwa hiyo betri isifunguliwe wala kuyeyushwa karakanani, na baba mwenye vumbi la rangi nguoni abadilishe nguo na kuoga kabla hajambeba mtoto.

Mwisho kuna hewa isiyo na rangi wala harufu. Mvua za masika zinaponyesha, fundi huhamishia tanuri ndani ya kibanda na kufunga mlango. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo hunyang'anya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, usingizi hufuata, na wengine hawaamki. Tanuri liwe chini ya paa lisilo na kuta, na usilale karibu na makaa yanayowaka.

Zana za zamani, hatari za zamani

Siku hizi wako watu, hata wa mjini, wanaopenda kununua nyundo, tindo, koleo na fuawe kuukuu na kuzirudishia uhai. Ni jambo zuri, kwa kuwa zana nyingi za zamani zilitengenezwa kwa chuma cha kudumu. Lakini zana ikifufuliwa nusunusu, hujeruhi.

Tazama kichwa cha tindo iliyopigwa miaka mingi. Utaona kimechanua pembeni kama uyoga. Kila ncha ya uyoga huo ni kipande kinachongoja pigo la nyundo kiruke. Kisage chote mpaka kichwa kirudi kuwa cha mviringo laini kabla hujaipiga tena. Nyundo nayo iangaliwe mpini. Mpini uliooza au kulegea hutoa kichwa cha kilo mbili kikaruka hewani. Tia mpini mpya wa mti mgumu, ugongomee kabari vizuri, wala usitegemee kuiloweka nyundo majini, kwani mti ukikauka mpini utalegea tena. Usigonge nyundo kwa nyundo. Nyuso zake ni ngumu na hupasuka kama kioo.

Jicho ndilo hulipa gharama ya makosa haya. Kipande kinachoruka kutoka kwa tindo huenda kwa kasi kiasi kwamba hupenya ndani ya jicho na kuacha tundu dogo tu, wakati mwingine bila maumivu makali. Fundi hupangusa chozi akaendelea na kazi. Chuma kilichobaki ndani hushika kutu humo humo na huweza kupofusha baada ya wiki au miezi. Ukihisi kitu kimeingia jichoni ulipokuwa ukigonga chuma, usikichokoe kwa kijiti wala sindano, usiombe mtu akulambe jicho, wala usitie maziwa ya mama. Funika jicho kwa kikombe kidogo safi bila kulibana, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko mjini Busia, na kwa matatizo makubwa ya macho eneo la magharibi lina Hospitali ya Macho ya Sabatia, kaunti ya Vihiga. Miwani ya plastiki ya kukinga macho ni rahisi sana ukilinganisha na jicho.

Macho pia huchoshwa na mng'ao wa tanuri lenyewe. Joto linalotazamwa kwa miaka mingi huleta mtoto wa jicho. Usikodolee macho ndani ya makaa. Tazama chuma, si moto.

Masikio nayo huharibika polepole. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini haziruhusu mfanyakazi akae kwenye kelele inayopita desibeli 90 kwa saa 8, na wataalamu wengi hupendelea kikomo cha 85. Nyundo juu ya fuawe hupita hapo kwa urahisi, na mafundi wengi hutumia kipande cha chuma kirefu kama fuawe, ambacho hulia kama kengele. Kikazie imara juu ya gogo lenye mchanga au mpira chini yake na ukifunge mnyororo kiunoni, na mlio utapungua sana. Vizibo vya masikio vimalizie kazi. Uziwi wa kelele hauna dawa.

Kilichofungwa kisitiwe motoni

Shokabzoba ya gari, bomba lililozibwa pande zote mbili, mtungi wa gesi: vyote hivi vikipashwa moto hulipuka kama bomu. Mafuta au hewa iliyomo hutanuka na haina pa kutokea. Pipa tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke uliobaki ndani yake hungoja cheche moja tu. Na pipa lililobeba dawa ya kuua wadudu lisigeuzwe tangi la maji wala jiko, hata likioshwa mara kumi.

Ukiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga wala yai. Vitu hivyo hufungia joto ndani na kuleta viini.

Wanaume na pepopunda

Watu husema kutu huleta pepopunda. Ukweli ni kwamba viini vya ugonjwa huo huishi udongoni na kwenye samadi. Chuma kilicholala chini huvibeba, na ncha yake yenye kutu huvichimbia ndani ya nyama ambako hakuna hewa, mahali vinapopapenda. Wanawake wengi hupewa chanjo hii wanapokuwa waja wazito. Mwanamume aliyechanjwa utotoni huweza kufika umri wa miaka 40 bila kuongezewa hata mara moja, na huyu ndiye anayeokota vyuma. Ikiwa hukumbuki mara ya mwisho kuchanjwa, uliza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe kabla hujajikata.

Swali la Ramazzini

Mwaka wa 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliandika juu ya wahunzi wenye macho mekundu na wafua shaba wa Venisi waliokuwa viziwi kwa sababu ya nyundo. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kwa yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa, nalo ni hili: unafanya kazi gani?

Zaidi ya miaka 300 baadaye, swali hilo bado husahaulika kwenye foleni ndefu za zahanati zetu. Kwa hiyo, msomaji, usingoje uulizwe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inahusu kila mahali pa kazi, hata kibanda cha juakali, na mwenye karakana aliyeajiri vijana ana wajibu wa kuwalinda. Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka wa 2015 nayo inamtaka mfanyabiashara awe na leseni na kumbukumbu za mali anayonunua. Nia yake ni kuzuia wizi, ule ule uliofanya biashara hiyo isimamishwe nchini Januari 2022 hadi Mei mwaka huo. Lakini kumbukumbu hizo zinaweza kulinda mapafu pia. Mhunzi anayemwuliza muuzaji, "Chuma hiki kilikuwa nini?" amefanya nusu ya kazi ya daktari.

Nusu ya pili ifanyike kwenye zahanati. Ukienda ukiwa na homa, au ukimsindikiza ndugu yako fundi, jambo la kwanza la kusema liwe: "Daktari, mimi ni mhunzi. Jana nilifua mabomba ya maji, na baridi ilianza usiku." Kisha toa kidole upimwe malaria.